Kujifunza Kijerumani Mtandaoni Bila Malipo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa zaidi na wanafunzi wa Kijerumani wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa wanajitayarisha kwa mafunzo ya kazi, masomo ya chuo kikuu, kazi ya uuguzi au kumfuata mwenzi aliyeko Ujerumani. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Je, kweli inawezekana kujifunza Kijerumani bila kulipa chochote?

Inawezekana, lakini ni vema kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: kujifunza na kupata cheti. Kujifunza kunaweza kuwa bure kabisa hadi ngazi ya B1 (ngazi zimeelezwa katika swali la 2), na kwa mtu mwenye bidii hata zaidi ya hapo, kwa sababu serikali ya Ujerumani kwa miaka mingi imekuwa ikigharimia taasisi zinazotoa masomo ya lugha hiyo kwa yeyote anayeyataka. Cheti, kwa upande mwingine, hupatikana kwa mtihani, na mtihani una ada ambayo hakuna kozi ya mtandaoni itakayokuondolea.

Kitu cha tatu ambacho hakipatikani kwa urahisi bila malipo ni mtu wa kukusahihisha. Video, sauti na mazoezi yamejaa tele kuliko unavyoweza kuyamaliza. Anayekosekana ni msikilizaji mvumilivu atakayekuambia kwamba sentensi yako haikueleweka. Kwa maoni yetu, mwenye fedha kidogo azihifadhi kwa ajili ya mtihani na kwa saa chache za mwalimu karibu na mtihani huo, wala asizitumie kununua kozi ya wanaoanza.

2. A1, A2 na B1 ni nini, na mimi ninahitaji kufika wapi?

Hizi ni ngazi za mfumo uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, zinazoanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea. Aliyefika A1 anaweza kujitambulisha, kuuliza bei na kujaza fomu fupi. Wa B1 anaweza kusimulia jambo lililompata, kueleza maoni yake na kujisaidia katika shughuli nyingi za kila siku, na wa B2 anaweza kufuata mazungumzo ya kazini yanayohusu taaluma yake.

Ngazi unayoihitaji inategemea safari yako. Anayetaka kwenda kuishi na familia kama au pair huhitaji A1, na ndiyo inayotakiwa pia kwa kawaida kwa mume au mke anayemfuata mwenzi wake. Mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung kwa kawaida huhitaji B1, ingawa waajiri wengi wa sekta ya uuguzi hupendelea B2. Muuguzi aliyesomea nyumbani na anayetaka sifa zake zitambuliwe kikamilifu ajitayarishe kwa B2. Kadi ya fursa, yaani Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024, humruhusu mtu mwenye sifa kwenda kutafuta kazi akiwa na Kijerumani cha A1, au Kiingereza cha B2 badala yake. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wa Ujerumani ulio katika nchi yako kabla ya kujisajili kwa mtihani wowote.

3. Itanichukua muda gani?

Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, hukadiria kwamba B1 huhitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45, kuanzia mwanzo kabisa. Tofauti hiyo kubwa haikuwekwa kwa bahati mbaya: aliyekwishajifunza lugha nyingine ya Ulaya shuleni huenda haraka kuliko ambaye hajawahi. Tukichukua vipindi 500 na mtu anayesoma vipindi viwili kila siku bila kukosa, atahitaji siku 250, yaani miezi minane na kidogo. Mtu anayefanya kazi na kusoma kipindi kimoja siku nne kwa wiki atahitaji zaidi ya miaka miwili.

Jihadhari na matangazo yanayoahidi B1 kwa wiki sita. Anayeweza kufanya hivyo yupo darasani kutwa nzima, na mara nyingi anaanza akiwa na msingi tayari.

4. Ni lazima nijue Kiingereza kwanza?

Si lazima, ila hurahisisha, kwa kuwa programu nyingi hazina maelezo kwa Kiswahili. Wasomaji wetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wana njia yao nzuri: Duolingo ina kozi ya Kijerumani inayofundishwa kwa Kifaransa, na kituo cha televisheni cha ARTE, kinachomilikiwa kwa pamoja na Ufaransa na Ujerumani, huweka vipindi vyake mtandaoni kwa lugha zote mbili. Waswahili wa Oman na Ghuba wanaosoma Kiarabu kwa urahisi watakuta maelezo ya Kiarabu katika kozi iliyotajwa kwenye swali la 5.

Asiyejua lugha yoyote kati ya hizo bado anaweza kusoma, kwa sababu kozi nzuri za A1 hutegemea picha na video. Atalazimika kujiandikia faharasa yake ya Kijerumani na Kiswahili katika daftari, kazi ambayo huonekana ni mzigo mwanzoni lakini husaidia sana kukumbuka.

## Kuchagua kozi

5. Nianze na kozi ipi?

Anza na Nicos Weg ya Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani. Ni kozi ya video inayofuata kisa cha Nico, kijana kutoka Uhispania anayewasili Ujerumani na kupoteza begi lake uwanja wa ndege. Inakwenda kutoka A1 hadi B1, kila kipande cha video ni cha dakika chache, na kila kimoja kina mazoezi, msamiati na maelezo ya sarufi. Haina malipo, na kuna jaribio la kupima ngazi kwa wale wasioanza kabisa.

Njia ya pili ni vhs-Lernportal, tovuti ya muungano wa vyuo vya elimu ya watu wazima vya Ujerumani. Kozi zake zimepangwa kama darasa, na zinafaa kwa mtu anayependa kuona kwamba leo amemaliza somo fulani na kesho ataendelea na jingine. Goethe-Institut nayo ina jukwaa la bure linaloitwa Deutsch für dich, lenye mazoezi mengi ya aina tofauti, ingawa kwa anayeanza linaweza kumchanganya kwa kuwa halimwambii afuate mpangilio gani.

Chagua moja kati ya hizo iwe kozi yako kuu na uimalize. Kosa tunaloliona kuliko yote ni la mwanafunzi mwenye programu saba kwenye simu ambaye katika kila moja amefika somo la kujitambulisha. Kila akichoka huanza upya mahali pengine, na baada ya nusu mwaka anajua kusema jina lake kwa ufasaha mkubwa na hana kingine cha kusema.

6. Je, Duolingo peke yake inatosha?

Haitoshi kwa mtihani. Duolingo, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Luis von Ahn wa Guatemala na Severin Hacker wa Uswisi, ni nzuri kwa kujenga mazoea ya kugusa lugha kila siku na kwa kuzoea maneno ya kawaida. Udhaifu wake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuchagua na kupanga maneno uliyopewa tayari, ilhali mtihani utakupa karatasi tupu na kukuambia uandike barua. Itumie ndani ya daladala au matatu, na kozi kuu uiwekee muda wake mezani.

7. Vipi kuhusu vitabu vya PDF vinavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram?

Vingi ni nakala zisizo halali za vitabu vinavyouzwa, na mara nyingi hukosa kurasa au sauti. Hata hivyo wachapishaji wakubwa kama Hueber na Klett huweka sauti za vitabu vyao vingi, na baadhi ya mazoezi, katika tovuti zao bila malipo na kwa njia halali. Hivyo mtu aliyenunua au kuazima kitabu kimoja cha mtumba anaweza kupata sauti zake zote huko. Wanaoishi karibu na Goethe-Institut ya Nairobi, Dar es Salaam au Kigali waulize pia kuhusu maktaba. Taasisi hiyo ina vilevile huduma ya kuazima vitabu vya kielektroniki, iitwayo Onleihe.

8. Ninaweza kutumia akili bandia kama mwalimu?

Unaweza, kwa mipaka. Programu za mazungumzo za akili bandia zina uvumilivu usiokwisha: unaweza kuiomba iigize karani wa ofisi ya manispaa na wewe uwe mgeni anayejiandikisha makazi, ukarudia mara kumi. Iambie pia itumie maneno ya ngazi ya A2 pekee, kwani bila maelekezo hayo itakuandikia sentensi ndefu za gazetini.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, maelezo yake ya sarufi wakati mwingine hukosea huku yakisemwa kwa uhakika mkubwa, kwa hiyo jambo lenye shaka lithibitishe katika kamusi ya Duden, ambayo iko wazi mtandaoni. Pili, usiiombe ikuandikie insha. Iombe ionyeshe makosa katika insha uliyoandika mwenyewe, kisha uiandike upya bila kutazama.

## Lugha yenyewe

9. Nitakumbukaje kama neno ni der, die au das?

Kila nomino ya Kijerumani iko katika moja ya jinsia tatu, na jinsia hiyo haifuati maana: meza ni der Tisch, taa ni die Lampe, na msichana, kwa mshangao wa kila anayeanza, ni das Mädchen. Mzungumzaji wa Kiswahili asiogope sana, maana yeye ameishi na ngeli tangu utotoni. Anayesema «kitabu kile kizuri kimepotea» bila kufikiri anajua tayari kwamba nomino moja inaweza kuamuru sura ya maneno yote yanayoifuata. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili ngeli mara nyingi huonekana kwenye nomino yenyewe, na katika Kijerumani mara nyingi haionekani.

Kwa sababu hiyo usiandike kamwe nomino peke yake kwenye daftari. Andika der Tisch, na utamke hivyo hivyo kama neno moja. Miisho kadhaa inasaidia: nomino zinazoishia na -ung, -heit, -keit na -schaft ni za die, na zenye kiambishi cha udogo -chen ni za das, jambo linaloeleza pia lile neno la msichana.

10. Kwa nini der hugeuka kuwa den au dem?

Kwa sababu Kijerumani huonyesha kazi ya nomino katika sentensi kwa kubadilisha neno dogo lililo mbele yake, kama der, die au das. Tazama sentensi mbili: «Der Hund beißt den Mann» na «Den Mann beißt der Hund». Zote mbili zina maana ya mbwa anamng'ata mwanamume, ingawa katika ya pili mwanamume ametajwa kwanza. Kinachotuambia nani anang'ata ni der, na kinachotuambia nani anang'atwa ni den. Mwanafunzi anayesoma kwa kufuata mpangilio wa maneno pekee atasema kwamba mwanamume amemng'ata mbwa, na katika mtihani wa kusoma atapoteza alama kwa swali ambalo alijua kila neno lake.

Mpangilio wa maneno nao una kanuni zake. Katika sentensi ya kawaida kitenzi hukaa nafasi ya pili, lakini katika kishazi kinachoanza na dass, weil au wenn huenda mwishoni: «Ich weiß, dass er morgen nach Mombasa fährt», yaani ninajua kwamba kesho anakwenda Mombasa, na neno la kwenda ndilo la mwisho kabisa. Hili halizoeleki kwa kusoma kanuni. Chukua sentensi tano kutoka katika video uliyotazama, ziandikie mwanzo wa «Ich weiß, dass», na usome kwa sauti hadi sikio likubali.

11. Kwa nini kila mara ninasema er ninapozungumzia mwanamke?

Kwa sababu «yeye» wa Kiswahili hana jinsia, na «amefika» haisemi kama ni baba au mama. Kijerumani hukulazimisha kuchagua er au sie kabla hujafungua mdomo. Programu za kutafsiri nazo huangukia humo humo: andika «amefika» na mara nyingi utapewa er, hata kama ulikuwa unamzungumzia shangazi. Zoezi jepesi ni kueleza picha za familia yako kwa sauti, mtu mmoja baada ya mwingine, ukichanganya wanaume na wanawake kwa makusudi.

12. Matamshi gani yanatusumbua zaidi, na yanarekebishwaje?

Irabu a, e, i, o, u hazina shida kubwa, isipokuwa kwamba zina urefu na ufupi unaobadilisha maana. Ö na ü ndizo ngeni: kwa ü, tamka «i» na bila kusogeza ulimi uviringe midomo kama unayetamka «u», kwa ö fanya hivyo ukianzia na «e». Ch inayofuata a, o au u, kama katika Buch na Nacht, inakaribia sana kh ya watu wa pwani katika «kheri». Ch ya ich ni nyepesi na iko mbele zaidi, wala si sh. R ya Wajerumani wengi hutoka kooni na inafanana na gh ya «ghali» kwa anayeitamka vizuri, hivyo Mswahili wa Lamu au Unguja ana akiba ambayo wanafunzi wengine hawana.

Kisha kuna herufi zinazosomwa tofauti na tulivyozoea: w husomwa v, v mara nyingi husomwa f, z husomwa ts, na s iliyo mbele ya irabu mwanzoni mwa neno husomwa z.

Taabu kubwa, hata hivyo, ni konsonanti zinazofuatana. Kiswahili hupenda silabi iishie na irabu, kwa hiyo Herbst hugeuka «heribisiti» na du sprichst huongezewa irabu hadi Mjerumani haitambui. Anza na mwisho wa neno na urudi nyuma: st, kisha bst, kisha erbst, halafu Herbst. Jirekodi kwa simu, linganisha na sauti ya mzawa katika tovuti ya Forvo, ambako watu wa kila lugha hurekodi maneno, na urudie.

13. Kwa nini ninakosea namba na saa wakati ninajua maneno yake?

Namba za Kijerumani kuanzia 21 hutaja mamoja kabla ya makumi, kama Kiarabu kifanyavyo: 84 ni vierundachtzig, nne na themanini. Katika mtihani wa kusikiliza utasomewa namba ya simu au bei mara moja au mbili tu, na anayeandika 48 amepoteza alama. Fanya imla ya namba kila siku kwa dakika tatu. Mwombe ndugu akusomee au tumia sauti ya programu ya tafsiri.

Saa ina mitego miwili kwa pamoja. Wa kwanza ni kwamba sisi huhesabu saa kuanzia alfajiri na wao kuanzia usiku wa manane, tofauti ya saa sita. Wa pili ni halb, nusu, ambayo huhesabiwa kuelekea saa inayokuja. Halb neun ni saa 8:30 kwa hesabu yao, yaani saa mbili na nusu asubuhi kwa yetu. Aliyeielewa kuwa tisa na nusu atafika kwenye usaili saa tatu na nusu, akiwa amechelewa saa nzima.

14. Ninasoma maneno leo na kesho yamepotea. Nifanye nini?

Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1885 utafiti wake kuhusu namna tunavyosahau. Alionyesha kwamba upotevu ni mkubwa mwanzoni na kwamba marudio yaliyotawanywa husaidia kuliko marudio ya mkupuo. Programu ya Anki imejengwa juu ya wazo hilo: kila kadi hurudi pale unapokaribia kuisahau. Ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, lakini toleo la iPhone linauzwa.

Tengeneza kadi zako mwenyewe kutoka katika kozi yako kuu, weka sentensi fupi badala ya neno tupu, na usizidishe maneno mapya kumi kwa siku. Kuhusu nomino, tazama swali la 9.

## Kuzungumza na kusahihishwa

15. Nitampata wapi mtu wa kuzungumza naye?

Wapo Wajerumani wanaojifunza Kiswahili: wanafunzi wa vyuo vikuu vinavyofundisha lugha za Kiafrika, watu wanaojitayarisha kuja kujitolea, na waliooa au kuolewa katika familia zetu. Programu za Tandem na HelloTalk hukutanisha watu wa aina hii, na Kiswahili chako ndicho malipo yako. Andika wazi katika wasifu kwamba unatoa Kiswahili na unataka Kijerumani, kisha pendekeza utaratibu: dakika ishirini lugha moja, dakika ishirini nyingine. Bila utaratibu mazungumzo huhamia kwenye Kiingereza na kubaki huko. Wanawake wengi hulalamikia watu wanaotafuta mapenzi katika programu hizi. Usisite kumzuia mtu, na simu ya video isiwe sharti la mwanzo.

Ukikosa mzawa, mwanafunzi mwenzako anafaa kuliko unavyodhani. Mtihani wa kuzungumza wa B1 hufanywa kwa kawaida na watahiniwa wawili pamoja, kwa hiyo kupanga safari ya kubuni na mwenzako kwa Kijerumani kwenye simu ni mazoezi ya moja kwa moja ya mtihani.

16. Na maandishi yangu yatasahihishwa na nani?

Anza na akili bandia kwa masharti ya swali la 8, kisha mwombe mwenzi wa mazungumzo atazame aya moja kwa wiki, si insha nzima. Hapa ndipo tunapoona kwamba saa mbili au tatu za mwalimu wa kulipwa, ukiwa na barua zako kumi mkononi, zina thamani kuliko kozi nzima ya kununua.

## Intaneti na vifaa

17. Bando langu ni dogo. Nitasomaje?

Sauti ni nafuu kuliko video. Faili ya sauti ya ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa nzima, na video hula mara nyingi ya hiyo. Deutsche Welle huruhusu kupakua sauti na maandishi ya vipindi vyake vingi, ikiwemo habari zinazosomwa polepole, Langsam gesprochene Nachrichten, zinazowafaa waliokwisha kupita B1. Pakua masomo ya wiki mahali penye Wi-Fi ya bure, na YouTube uishushe hadi ubora mdogo kabisa. Kwa chaneli kama Easy German, inayohoji watu barabarani kwa manukuu ya lugha mbili, picha isiyong'aa haikupotezei kitu.

18. Ninaandikaje ä, ö, ü na ß kwenye simu?

Ongeza Kijerumani katika mipangilio ya kibodi, au bonyeza kwa muda herufi a, o, u au s. Ikishindikana kabisa, ae, oe, ue na ss zinaeleweka.

## Mtihani na viza

19. Je, cheti cha kumaliza kozi ya mtandaoni kinakubaliwa ubalozini?

Hapana. Ubalozi hutaka cheti cha mtihani unaotambuliwa, kama vile wa Goethe-Institut, telc, ÖSD au TestDaF, ambao hufanywa chini ya usimamizi. Cheti cha programu ya simu kinaweza kumfurahisha mwajiri, lakini hakitafungua faili yako ya viza.

20. Mtihani wa B1 ukoje, na nitajitayarishaje bila malipo?

Mtihani wa Goethe wa B1 una sehemu nne: kusoma dakika 65, kusikiliza dakika 40, kuandika dakika 60 na kuzungumza takriban dakika 15. Kila sehemu ina alama 100 na unahitaji 60 ili kufaulu. Sehemu hizi zinaweza kufanywa na kurudiwa moja moja, jambo ambalo wengi hawalijui. Aliyeanguka katika kuandika pekee hahitaji kurudia zote.

Tovuti ya Goethe-Institut ina mitihani ya mfano pamoja na sauti na majibu. Fanya mmoja mapema ili ujue udhaifu wako uko wapi, na mwingine uuweke hadi wiki mbili za mwisho, ukiufanya kwa saa, simu ikiwa mbali. Katika kuandika kuna kazi tatu: barua pepe kwa rafiki, maoni juu ya mjadala, na ujumbe mfupi rasmi. Huu wa tatu ni mfupi na wengi huupoteza kwa sababu wameandika du, «wewe» ya rafiki, kwa mtu anayestahili Sie, «wewe» ya heshima. Mwalimu au bosi huitwa Frau au Herr pamoja na jina la ukoo. Kule kwetu kwa kusema «Mwalimu Anna» hakuna nafasi hapo.

21. Wakala ameniahidi cheti bila mtihani. Je, nimwamini?

Usimwamini. Balozi na waajiri wanaweza kuhakiki cheti kwa aliyekitoa, na kuwasilisha cheti cha kughushi kunaweza kukuharibia maombi ya viza ya miaka ijayo. Ujerumani na Kenya zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin mwezi Septemba 2024, na habari kama hizo huwapa matapeli maneno ya kupamba matangazo yao. Makubaliano hayo hayakufuta masharti ya lugha. Wakala anayesema umelipia «nafasi» ambayo haihitaji Kijerumani anauza hewa.

## Hali za pekee

22. Nimefika B1, lakini kwa miezi sasa sioni maendeleo.

Kwa kawaida sababu ni kwamba unaendelea na nyenzo za wanafunzi. Hamia kwenye lugha ya wazawa kidogo kidogo: Top-Thema ya Deutsche Welle, yenye makala fupi na msamiati wake, ni daraja zuri, kisha vipindi vya fani yako. Muuguzi asome namna zamu inavyokabidhiwa, fundi umeme atazame mafundi wakieleza kazi yao. Maneno ya fani yako utayahitaji hata hivyo, na unayaelewa nusu kabla hujafungua kamusi.

23. Ninakwenda Uswisi au Austria. Nijifunze Kijerumani kipi?

Kile kile cha kawaida. Austria ina maneno yake na lafudhi yake, na mtihani wa ÖSD, ambao ni wa Austria, hukuzoesha navyo. Uswisi watu huzungumza lahaja ambayo hata Mjerumani wa kaskazini huitegea sikio, lakini shuleni na katika maandishi hutumia Kijerumani sanifu.

24. Nilisoma zamani nikaacha. Nianze upya?

Fanya jaribio la ngazi lililotajwa katika swali la 5 na uanze ngazi moja chini ya matokeo yake. Usianze na somo la kujitambulisha. Utachoka kabla hujafika usipopajua.

25. Mama yangu anahitaji A1 lakini hakusoma sana shuleni. Je, kuna njia?

Ipo, ila hupita mahali tofauti. Vhs-Lernportal ina kozi ya bure kwa wanaoanza kusoma na kuandika kwa herufi za Kilatini. Aanze huko, na wakati huo huo umfundishe kwa masikio: salamu, namba, kutaja jina herufi kwa herufi, kuomba kitu dukani. Sehemu ya kuzungumza ya A1 hufanywa kwa kikundi kidogo na huhusu mambo hayo hayo: kujitambulisha, kuuliza na kujibu kwa kutumia kadi zenye neno moja, kuomba na kuitikia ombi. Zikate kadi za karatasi, andika Essen, Wohnung, Familie, na mchezeshe baada ya chakula cha jioni pamoja na wajukuu. Kusoma matangazo mafupi na kujaza fomu ndiko kutakakohitaji muda mrefu zaidi, kwa hiyo msimsajili kwa mtihani hadi aweze kujaza peke yake jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na uraia bila kusaidiwa.